Watu wa Risasi

Rotherham, Alhamisi, mvua ya Novemba.
Norris Applegarth kaniwekea boksi mezani.
"Ishirini na wanne, Harbans. Vidole vyangu havinisikii tena."
Ndani, wameviringwa katika gazeti la mbio za farasi,
watu wa risasi, kimo cha kidole gumba,
mshono wa kalibu ungali ubavuni.

Nilitengeneza breki za mabasi miaka thelathini na mmoja.
Naijua tupa. Nakijua chuma kinachokataa.
Risasi haikatai: ukiibembeleza inapinda,
ukiikaripia inakatika kifundoni,
na askari asiye na kifundo hafai hata kuwa maiti.
Hapa risasi huyeyushwa ikawa mtu.
Kule ilikuwa kinyume.

Kwanza tupa. Halafu sabuni ya vyombo na mswaki uliostaafu.
Halafu sarafu za peni mbili,
maana Norris hanunui vitako vya dukani:
"Peni mbili, mtu mmoja. Nionyeshe duka lenye bei hiyo."

Na hapa pana siri
wasiyoijua wenzetu wa ukumbi wa kanisa.
Wenye kaki, jeshi la Malkia,
tunawagandisha upande wa namba,
uso wake ukilalia meza asione wanavyokufa.
Waafridi, wenye milima yao,
tunawagandisha juu ya uso wenyewe,
nyayo mbili katikati ya taji.
Mimi ndiye niliyeanza.
Norris aliona, akakohoa,
akanisogezea gundi.

(Si malkia wa vita vile, najua.
Huyu wa kwenye shaba ni kilembwe wake.
Nami ni kitukuu wa mtu
aliyefunga kilemba kwa amri yake.)

Kisha mchanga wa Cleethorpes,
niliouoka kwenye oveni hadi Surinder akaja kunusa:
"Unapika nini?"
"Tirah," nikamwambia.
Akafungua dirisha.
Mchanga wa choo cha paka ndio majabali,
majani ya chai ya asubuhi ndiyo vichaka,
rangi ya udongo, halafu brashi kavu yenye rangi ya mfupa
ikipita juu juu, kama mtu anayepangusa vumbi
kwenye picha ya marehemu.

Picha yake hatuna.
Tuna nishani, na ukingoni mwake jina lake
limekosewa herufi mbili.
Aliwafyatulia watu waliokuwa nyumbani kwao,
akalipwa rupia, akanunua ekari mbili na nusu,
ekari zikamsomesha babu,
babu akamkatia baba tiketi,
na ndiyo maana nina oveni Rotherham.

Kufikia wa kumi na saba nikakuta vilemba.
Wanane. Watu wa kwetu, wamevaa kaki.
Nikawapanga chini ya taa nimtafute.
Sura moja wote, masharubu yale yale,
kalibu haina muda wa kumjua mtu.
Nikachukua sarafu ya kwanza.
Nikaigeuza. Namba.
Nikaigeuza. Taji.
Chai ikapoa, ikafanya ngozi.

Saa sita usiku nilishuka gereji
nikarudi na washa nane za breki,
chuma kitupu, hakina uso wala bei,
tundu katikati.
Nikajaza matundu mchanga.

Alhamisi iliyofuata Norris akawatoa mmoja mmoja,
akipumua kwa mdomo.
Kwa yule wa kumi na saba akasita,
akampima kiganjani, akampindua,
akapitisha kucha kwenye mviringo wa chuma.
Upande wa pili wa ukumbi mtu alirusha dadu akalaani.

"Hawa," akasema, "wako upande gani?"

"Waache kwanza," nikamjibu.
"Gundi haijakauka."